Mumuulize Kwanza: Hotuba kuhusu Kumlisha Mgonjwa Aliyedhoofika

Ndugu Mwenyekiti, wauguzi na matabibu wenzangu, wanafunzi mnaokaribia kumaliza masomo, na nanyi akina mama na ndugu mnaouguza wagonjwa mliotoka wodini kuja kukaa nasi: shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi.

Tumekua tukisikia kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni msemo wa huruma, na kwa wagonjwa walio wengi ni wa kweli: usimsumbue kwa maswali, mpikie, mpelekee, ale. Lakini yupo mgonjwa mmoja ambaye nimesimama hapa kuwaombeni mumuulize kwanza. Ni yule aliyekaa muda mrefu bila chakula cha kutosha. Aulizwe yeye, au waulizwe waliomleta: mara ya mwisho kushiba ilikuwa lini? Nguo zilianza kumpwaya tangu mwezi gani? Anameza nini, na nini kinagoma kupita? Kisha apande kwenye mizani, na kama ni mtoto apimwe na mzunguko wa mkono. Ndipo uji uje, tena uje kwa mililita na kwa saa, ukiandikwa kwenye chati kama inavyoandikwa dozi ya dawa. Mgonjwa huyu anaweza kuuawa na njaa, na anaweza vilevile kuuawa na sahani ya chakula tuliyompa kwa upendo.

Nianze na mwili wenyewe, maana mkishauelewa, mengine yote nitakayosema mtayaona yana sababu.

Mwili ulionyimwa chakula kwa wiki kadhaa haukai tu ukisubiri. Unapunguza matumizi. Moyo unapiga kwa nguvu ndogo. Figo zinashindwa kutoa maji na chumvi iliyozidi. Ini linatengeneza sukari kidogo, na utumbo unakuwa mwembamba, mvivu wa kufyonza. Katika kila seli kuna pampu ndogo za kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani; nazo zinapunguza kasi, sodiamu inajaa ndani, potasiamu inavuja na kupotelea kwenye mkojo na kwenye kuhara. Hata kinga ya mwili inasinzia. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na nimonia, au vijidudu vimeshaingia kwenye damu, na asiwe na homa hata kidogo: mwili umekosa nguvu ya kuchemka. Ukimgusa ukamkuta wa baridi, joto la kwapani likiwa chini ya nyuzi 35, mhesabu kuwa ni mgonjwa wa maambukizi na uanze dawa.

Sasa mletee mtu huyu sahani ya ugali, nyama na soda pembeni. Sukari inapanda ghafla kwenye damu, kongosho linamwaga insulini, na insulini inazifungulia seli milango. Glukosi inaingia, na inapoingia inavuta pamoja nayo fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Akiba ya madini hayo ilikwisha zamani. Kinachovutwa ni kile kidogo kilichobaki kwenye damu. Fosfeti ikiporomoka, misuli ya kupumua inachoka na moyo unapoteza mpigo wake. Vitamini B1, inayohitajika ili sukari itumike, nayo inamalizika, na ubongo unadhurika. Mgonjwa anavimba, anahema, anachanganyikiwa, na anaweza kufa siku ya pili, ya tatu au ya nne, huku ndugu wakishangaa: mbona jana alikula vizuri?

Ni kama jiko la mkaa lililobaki na cheche mbili: ukilimwagia mkaa wa debe zima, umelizima.

Dunia ililijua jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Uingereza liliingia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani na kukuta wafungwa wapatao 60,000, wengi wao mifupa na ngozi. Baada ya kukombolewa walikufa wengine zaidi ya 13,000. Homa ya tifasi inayoenezwa na chawa iliua wengi, na njaa yenyewe ilikuwa imeshamaliza kazi kwa wengine. Lakini miongoni mwa vilivyoua ni chakula cha askari, cha makopo, chenye mafuta mengi, kilichogawiwa siku zile za mwanzo na watu waliokuwa na nia njema kabisa. Madaktari walipogundua, walijaribu mchanganyiko mtamu uliobuniwa kwa ajili ya njaa ya Bengal ya mwaka 1943, na wengi walishindwa kuunywa kwa utamu wake. Walijaribu pia mipira ya kulishia inayopitishwa puani, na sindano. Baadhi ya wafungwa walipiga kelele za hofu, kwa sababu katika kambi zile mtu mwenye sindano hakuwa mtu wa kukuponya. Nitarudi kwenye hofu hiyo, kwani hata katika wodi zetu ipo, ingawa chanzo chake ni kingine.

Hapa Afrika Mashariki kazi kubwa ilifanyika Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake walihangaika na watoto wa kwashakoo kwa miaka mingi kabla ya uhuru wa Uganda, wakati ambapo mtoto aliyevimba miguu alikuwa akitibiwa minyoo au kaswende. Miaka ya 1960 palepale Mulago kikaanzishwa kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa kumrudishia mwanawe afya kwa vyakula vya shambani kwake mwenyewe. Kwa hiyo elimu hii si ya kuletewa kutoka mbali. Sehemu yake ilizaliwa kwenye ziwa letu.

Na bado watoto waliendelea kufa. Mwaka 1996 Claire Schofield na Ann Ashworth walichapisha mapitio ya ripoti za miaka 50 kutoka hospitali za nchi nyingi. Walikuta kwamba kati ya watoto 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali, 20 hadi 30 walikufa, na kwamba idadi hiyo ilikuwa haijashuka tangu miaka ya 1950, ingawa dawa nyingi mpya zilikuwa zimepatikana. Sababu waliyoitaja ilikuwa namna watoto walivyohudumiwa: dripu za haraka zilizoujaza moyo dhaifu, chakula kizito mno siku ya kwanza, madini ya chuma yaliyotolewa mapema, usiku usio na mlo. Ninaomba wanafunzi mlishike hilo. Vifo vile havikusubiri mashine ya bei kubwa. Vilisubiri muuguzi mwenye saa, kikombe cha kupimia na blanketi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999, ambao miongozo yetu ya kitaifa imeufuata, uliigawa tiba katika vipindi vitatu: tiba ya mwanzo, kuujenga mwili upya, na ufuatiliaji. Siku za mwanzo ni za kuutuliza mwili, wala si za kunenepesha. Maziwa yanayotumika ni F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, na protini kidogo sana. Baada ya siku chache, hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo anahamishiwa polepole kwenye F-100 au kwenye ile siagi ya karanga ya pakiti, ambayo pakiti yake moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Na madini ya chuma, ambayo mkono wetu huyakimbilia tukiona kiganja kimekuwa cheupe, hayatolewi siku zile za mwanzo, maana mwili hauna pa kuyaweka na vijidudu ndivyo vinavyofaidi.

Tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa kilo 6, hana uvimbe. Anahitaji F-75 mililita 130 kwa kila kilo kwa siku: 780. Ukigawa kwa milo 12, kila saa 2, ni mililita 65 kwa mlo. Mililita 65! Hazifiki hata nusu ya kikombe kidogo cha chai. Kama amevimba sana tunashuka hadi 100 kwa kilo. Mama yake anaangalia kile kikombe na anaona dharau. Amesafiri kutoka kijijini, ameuza kuku, na sisi tunampimia mwanawe vijiko. Usiku, mkishamgeuzia mgongo, atatoa uji wake kwenye chupa ya chai, na hakuna atakayemlaumu asipokuwa ameelezwa. Mweleze. Mwambie moyo wa mtoto umechoka, tunauamsha taratibu, na wiki ijayo atakula mpaka mshangae. Mwambie kabla ya mlo wa kwanza, si baada ya kukuta uji mdomoni.

Kwa mtu mzima ni vilevile. Baba mwenye kilo 40, mrefu, ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) uko chini ya 16, au aliyekaa zaidi ya siku 10 karibu bila kula. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2006 unaelekeza aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, yaani 400, na kama hali ni mbaya zaidi, 5 kwa kilo, yaani 200. Kisha apandishwe kwa siku 4 hadi 7. Vitamini B1 aipate kabla ya mlo wa kwanza na katika siku 10 za mwanzo. Damu ipimwe potasiamu, magnesiamu na fosfeti pale maabara inapoweza. Isipoweza, macho yenu yawe maabara: miguu imeanza kuvimba? Mapigo yamebadilika? Amekuwa mzito wa kujibu?

Wanaouguza, nisikilizeni hapa. Muda wa kuona wagonjwa ukifika mnakuja na hotipoti, na ndani yake mna upendo wa nyumba nzima. Siwaambii msije nayo. Nawaambia mpitie kwanza kwa muuguzi, mseme, sista, tumeleta mtori, tunaweza kumpa kiasi gani? Muuguzi atakayejibu swali hilo kwa kukaripia, huyo ndiye amekosea.

Sasa usiku. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kusema hapa, nitasema usiku.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hana akiba ya sukari ini mwake. Akila saa 2 usiku na mlo unaofuata ukawa saa 12 asubuhi, ni saa 10 za njaa kwa mwili usioweza kuhimili hata saa 4. Sukari ya damu inashuka chini ya milimoli 3 kwa lita kwenye kipimo, joto linashuka pamoja nayo, na vitu hivyo viwili vikikutana, mara nyingi nyuma yake yapo maambukizi. Mtoto halii. Hana nguvu ya kulia. Anatulia, na kutulia kwake kunaonekana kama usingizi. Alfajiri tunamkuta. Kisha kwenye jalada tunaandika nimonia, au anemia, na neno njaa halimo.

Najua wodi zetu usiku. Muuguzi mmoja, wagonjwa 30 au zaidi, dripu mbili zimeziba, mmoja anapelekwa maabara. Simlaumu muuguzi huyo. Lakini mama yupo pale pale kitandani, na mama anaweza. Mfundisheni mchana: kupima maziwa, kumwamsha mtoto, kumkumbatia ngozi kwa ngozi chini ya blanketi na kofia kichwani, na kuita pindi anapokataa. Chati ya usiku ibandikwe ukutani yenye saa 2, 4, 6, 8, 10 na 12, na kila mlo uandikwe kiasi kilichoingia na kilichotapikwa. Na mkuu wa wodi anapoingia asubuhi, kabla ya dawa, aangalie mlo wa saa 8 usiku. Ukiangaliwa, utatolewa. Mtoto akikutwa sukari imeshuka na bado ana fahamu, apewe papo hapo mililita 50 za maji ya sukari ya asilimia 10 kwa mdomo au kwa mpira, kisha F-75 kidogo kidogo kila nusu saa.

Nimetaja mpira. Tuseme wazi kuhusu mpira.

Katika wodi za watoto mwongozo uko wazi: mtoto asipomaliza angalau asilimia 80 ya kiasi alichopangiwa katika milo miwili mfululizo, awekewe mpira wa puani. Pia kama ana vidonda vya mdomo, au amedhoofu kiasi cha kushindwa kunyonya kutoka kwenye kikombe. Hata akiwa na mpira, kila mlo tunaanza na kikombe, mdomoni, mikononi mwa mama, na kinachobaki ndicho kinapitishwa kwenye mpira. Akiweza kumaliza milo miwili mfululizo kwa mdomo, mpira unatoka. Kwa wengi ni suala la siku chache.

Lakini mtaani wanasema ukiona mtu amewekewa mpira, ujue amekwisha. Kwa nini wanasema hivyo? Kwa sababu mara nyingi tunausubirisha mpaka mwisho. Tunambembeleza mtoto kwa kijiko siku tatu, nne, tukiandika "anakula kidogo", na tunapouweka, mwili umeshapita pa kurudi. Akifa, mpira ndio ulioonekana usoni pake, na habari inarudi kijijini hivyo. Dawa ya imani hiyo haipo kwenye kipaza sauti. Ipo kwenye kuuweka mapema, mama wa kitanda cha pili akaona mtoto wa jirani amewekewa Jumatatu na Alhamisi umetolewa anacheka.

Kuna aibu pia, na sisi wenyewe huiongeza. Sehemu nyingi za nchi hii mtoto akidhoofika husemwa amebemendwa, yaani wazazi walikutana, au mama akashika mimba, kabla mtoto hajakua. Fikiri mama anayebeba tuhuma hiyo kuja hospitali. Amemfunika mtoto kanga tatu, amepita kwanza kwa mganga, na anapofika, swali la kwanza analoulizwa na mtu mwenye sare nyeupe ni, "Umemfanyaje mtoto huyu?" Mama huyo atatoroka usiku, na mpira tutaukuta kwenye mto. Swali la kwanza liwe pole. La pili liwe: amekula nini tangu jana? Mengine yatakuja yenyewe.

Kuhusu usalama wa mpira nitakaza sauti kidogo. Mpira ulioingia mapafuni ukamiminiwa maziwa unaua. Pima kabla: kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe la sikio, kisha hadi kwenye chembe cha moyo, na kwa mtoto endelea hadi nusu ya njia kati ya chembe na kitovu. Tia alama. Ukishauingiza, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na uyapime kwa karatasi ya tindikali, ikisoma 5.5 au chini yake, upo tumboni. Isiposoma hivyo, au ukikosa majimaji, mgeuze mgonjwa alalie upande wa kushoto, subiri kidogo, vuta tena; ukishindwa, picha ya eksirei. Ile tabia ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa stethoskopu tuiache. Uingereza iliwataka wahudumu wake waiache tangu mwaka 2005, kwa kuwa hewa iliyopulizwa mapafuni inaweza kusikika tumboni vilevile, na watu walikufa kwa kuiamini. Na ukaguzi ni kabla ya kila mlo, si siku ya kuuweka tu. Mtoto hukohoa, hutapika, huvuta, na mpira huhama.

Mgonjwa akae, au kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa mlo na kwa nusu saa hadi saa nzima baadaye. Toa ile sehemu ya kusukumia ya bomba la sindano, ulishike bomba juu kidogo, mimina, uache chakula kishuke kwa uzito wake chenyewe. Usisukume. Akikohoa, akibadilika rangi, akihema, funga mpira uite. Halafu maji safi ya kuusafishia, mililita chache kwa mtoto, kama 30 kwa mtu mzima, kabla na baada. Mpira unaoziba kila siku ni mpira usiosafishwa, au uliopitishiwa vidonge visivyosagika.

Niingie wodi ya watu wazima, maana huko utapiamlo unajificha hadharani. Mtoto akilazwa anapimwa uzito. Mtu mzima anaulizwa dini na namba ya simu. Mgonjwa wa kiharusi analetwa, mdomo umepinda, na ndugu anamnywesha chai siku hiyohiyo akiwa amelala chali. Anapaliwa, siku ya nne ana nimonia. Kila mwenye kiharusi ajaribiwe kumeza kwa kijiko cha maji akiwa ameketi kabla hajapewa chochote, na akishindwa, mpira wa puani. Utafiti mkubwa uitwao FOOD, uliochapishwa mwaka 2005, uliwafuata wagonjwa wa kiharusi katika nchi mbalimbali na haukuona faida ya kukimbilia mpira wa tumboni, ule unaopitishwa kwenye tundu la ngozi ya tumbo, katika wiki za mwanzo. Wa puani ulitosha, na matokeo yake yalikuwa afadhali.

Mpira wa tumboni una mahali pake. Mnaijua saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inayowapata watu wengi mno katika ukanda huu wetu kuanzia Kenya, kupita Tanzania hadi Malawi. Mgonjwa anakuja akiwa anameza uji tu, au maji tu. Amekonda kwa miezi mitatu. Huko Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imejulikana kwa kuweka mirija ya wavu wa chuma inayoupanua umio ili mtu aweze tena kumeza. Pasipo na huduma hiyo, tundu dogo la tumbo linaweza kumrudishia chakula akisubiri mionzi au dawa. Njia ya kulitoboa kwa msaada wa kamera bila upasuaji mkubwa ilianza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, kwa mikono ya Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mchanga. Kwetu, madaktari wengi wa upasuaji hufungua kwa kisu na kuweka mpira uleule wa mkojo. Unafanya kazi, mradi ufungwe vizuri usivutike ndani, na ngozi inayouzunguka ioshwe kila siku kwa maji na sabuni.

Mgonjwa huyu akirudi nyumbani anapewa karatasi iliyoandikwa "uji mwepesi". Hapo ndipo njaa inapoendelea kwa idhini yetu. Uji mwepesi ni maji yenye rangi. Ukiufanya mzito, haupiti kwenye mpira. Ukiupunguza uzito, unampa maji matupu. Jibu lipo jikoni mwetu, na wazee wanaotengeneza togwa wanalijua: kimea. Miaka ya 1980 mapema, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walionesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa ukiuchanganya kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji unalainika na kuwa mwepesi bila kuongezewa maji. Walikuwa wakiwafikiria watoto wanaoanza kula, lakini mpira wa tumboni unafaidika vilevile. Pika uji mzito, uache upoe hadi kidole kivumilie, tia kijiko cha kimea cha ulezi, koroga, uone unavyolegea. Kisha urudishe jikoni uchemke tena. Ongeza maziwa, ongeza kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho peke yake kina karibu kilokalori 120, ongeza yai lililoiva au unga wa dagaa, saga, chuja kwa chujio la tundu ndogo. Kikishatayarishwa, kwa joto letu, kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa, narudia, hiki si chakula chake cha siku za mwanzo. Yeye ni F-75.

Na yupo mgonjwa ambaye mpira si wake tena. Saratani imefika mwisho, mwili unafunga, chakula hakimwongezei siku wala nguvu, kinamletea makohozi na kichefuchefu. Huyo tumlowanishe midomo, tumpe kijiko cha anachokitamani kama anaweza, tukae na familia tuwaambie kwamba hafi kwa sababu wamemnyima chakula. Uamuzi huo ufanywe na daktari, mgonjwa mwenyewe akiweza, na nduguze, wakiwa wameketi. Usifanywe mlangoni.

Mwenyekiti, ninayoyaomba kwa uongozi yanahesabika kwa vidole: mizani inayofanya kazi katika kila wodi, ya watu wazima ikiwemo, karatasi za kupimia tindikali ziingie kwenye orodha ya manunuzi pamoja na mipira ya saizi 6 na 8 kwa watoto, na ile myembamba ya kulishia kwa watu wazima badala ya minene ya kutolea majimaji, na zamu ya usiku ya wodi ya lishe iongezewe mtu, hata mhudumu wa afya mmoja, kazi yake iwe maziwa na blanketi tu.

Pale mezani nimeweka mipira, mabomba ya sindano, karatasi za tindikali na siki ya kujifunzia kuzisoma. Akina mama mtangulie mbele, sista wawili wa wodi ya watoto watawaonesha kupima F-75 ya mtoto wa kila mmoja wenu kwa uzito wake wa leo. Wanafunzi mtaanza na kipimo cha pua, ndewe na chembe, mkipimana wenyewe kwa wenyewe, na nitapita kila kundi.